Zimwi la Darasa la Tatu

Ukitaka kumjua Bi Verna Bruns, ungemtazama mwezi wa Oktoba. Miezi mingine alikuwa mwalimu kama walimu wengine hapa Marberg: mkali, wa haki, sweta mbili moja juu ya nyingine hata hita ikiwa imewashwa mpaka mwisho. Oktoba ikiingia, anashusha boksi kutoka juu ya kabati na darasa linageuka. Madirishani wanaota popo wa karatasi nyeusi. Mlangoni fuvu la plastiki limevishwa kofia ya mkulima. Mezani kwake boga kubwa alilolichonga mwenyewe kwa kisu cha marehemu mumewe, Clem, aliyefuga nguruwe mpaka moyo ukamkatalia. Na kila siku, wakishakula cha mchana, watoto wanakaa saa nzima kuandika mambo ya kutisha, mpaka ifike Halowini yenyewe, sikukuu ya kutishana ya mwisho wa mwezi.

Mimi nilikuwa msaidizi wake kwa miaka tisa. Nilitoka Malindi nikiwa msichana, nikaolewa huku Ohio, nikazaa huku, na hata theluji nimeshaacha kuilalamikia. Watoto waliniita Bi Saumu. Nilikuwa nakaa nyuma ya darasa, nachonga penseli, nafunga kamba za viatu, namsikiliza huyu akisoma na kumfuta yule kamasi.

Ile Halowini ya Bi Bruns ilikuwa na ratiba yake, na ole wako uiguse. Wiki ya kwanza, anawapa mwanzo wa hadithi, mlango wa ghala umefunguka wenyewe na ndani kuna taa inawaka, kila mtu amalizie. Wiki ya pili, barua kutoka kwa boga lililoachwa barazani baada ya sikukuu. Wiki ya tatu, mazimwi. Hayo mazimwi ndiyo watoto waliyoyasubiri tangu shule ifunguliwe, kwa sababu kaka na dada zao walishawasimulia.

Mambo yalikwenda hivi. Kila mtoto anabuni zimwi lake na kulieleza kwa maandishi, kiungo kwa kiungo, bila kuchora hata mstari. Maandishi yanatumwa kwa shule ya mji wa pili, kwa Bwana Ruhl, na watoto wa huko wanasoma na kuchora walichoelewa. Picha zinarudi, na hapo ndipo mtoto anajua kama maneno yake yamefika au yamepotelea njiani. Bi Bruns alikuwa akisema hakuna mtihani duniani unaouzidi huo. Na kweli, niliwaona watoto wakilia kwa sababu walisahau kusema zimwi lina kichwa.

Wazazi walimpenda. Walikuwa wakisema mtoto akipita kwa Bi Bruns, hata orodha ya vitu vya dukani ataiandika na nukta zake. Mkwe wangu alipita kwake, na mpaka leo akinitumia ujumbe wa simu unaona adabu ndani yake.

Lakini nisimpambe. Bi Bruns hakuwa na subira na sentensi iliyokaa vibaya. Watoto wakiandika, yeye anapita katikati ya madawati na kalamu yake ya wino mwekundu, vile viatu vyake vyeupe kama vya manesi vinalia nywii, nywii, na kahawa yake na pipi zake za kifua zinatangulia kunukia kabla hajafika. Miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo wa shanga. Anaivaa, anainama, lile bega la kushoto lililoharibika alipoanguka kwenye barafu linashuka zaidi, halafu anasema, "Ngoja, mama, nikuoneshe." Mtoto yuko neno la nne, yeye ameshakata la pili. Hakuwa na ubaya hata kidogo. Alilelewa shambani, na kwao ukiona jani baya unaling'oa hapo hapo, husubiri limee.

Sasa, mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, tulikuwa na mtoto anaitwa Corinne Wenning. Miaka minane, mwembamba, mama yake anapanga mayai kiwandani. Huyo mtoto mpe mdomo tu. Wakati wa mapumziko anasimulia mpaka wenzake wanasahau mpira. Mpe karatasi sasa. Mistari miwili, basi, kalamu chini. Barua ya boga lake, yote, ilikuwa hivi: "Mimi ni boga. Nina baridi." Ikarudi na alama sita nyekundu, na mimi mpaka leo sijui alizipata wapi sita.

Mwezi wa Septemba uongozi wa shule ulikuwa umeshapeleka barua kwao. Kikao kitakuwa wiki ya kwanza ya Novemba. Ikiwa mpaka siku hiyo Corinne hajatoa ukurasa mmoja mzima wa maneno yake mwenyewe, atakuwa anatolewa darasani kila asubuhi, mwaka mzima, apelekwe kwa Bwana Pohl, chumba cha mwisho wa korido, wanakosaidiwa watoto wenye shida ya kuandika. Bwana Pohl ni mtu mwema, sina neno naye. Lakini kaka yake Corinne alipelekwa huko, na watoto wakambandika jina ambalo sitalirudia hapa, na hilo jina likamfuata mpaka alipotoka shuleni. Corinne aliniambia siku moja nikimfunga zipu ya koti kwamba afadhali avunjike mkono, maana mkono ukivunjika watu wanakuandikia majina yao kwenye plasta.

Bi Bruns hakutaka aende. Hilo nalishuhudia. Alimsogeza dawati la mbele, akamsimamia zaidi kuliko wote, na jinsi alivyozidi kumsimamia ndivyo mtoto alivyozidi kukauka.

Siku ya mazimwi ikafika, na saa hiyo hiyo Bi Bruns akawa na miadi ya jino. Mara ya kwanza katika miaka tisa. Akaniachia darasa na maagizo ukurasa mzima. Mimi niliwaambia watoto waandike, nikakaa na chai yangu, nikawaacha. Sikufanya lolote la ajabu, nilichoka tu. Baada ya nusu saa nainua macho, namwona Corinne Wenning ameinama, ulimi nje, anaandika. Sikuthubutu hata kukohoa. Kengele ilipolia alikuwa amejaza ukurasa na nusu.

Nikasoma ukurasa wa kwanza nikiwa nimesimama hapo hapo. Aliandika hivi, kwa sehemu: "Zimwi langu lina bega moja juu na bega moja chini. Macho yake hayakai usoni. Yananing'inia kifuani kwenye mnyororo, na likitaka kuona linayavaa. Miguu yake ni myeupe na inapiga kelele kama panya. Linavaa ngozi mbili, ya kijani ndani na ya kahawia nje. Lina mkono wa tatu mwembamba wenye kucha moja nyekundu, na huo mkono hauchoki."

Wewe umeshajua. Mimi sikujua, wallahi. Nilifikiri mtoto ana kichwa, macho ya mnyororo kayatoa wapi. Ukiletewa mtu vipande vipande kwenye karatasi, na umeambiwa ni zimwi, basi unaona zimwi. Nilimkumbatia Corinne mpaka akaniambia nimuachie apumue.

Kesho yake Bi Bruns alisoma, na shavu lake lililovimba, na machozi yakamlenga. Akaniambia, "Saumu, tumempata." Halafu akavaa miwani, akachukua kalamu. Akasahihisha yote. Karibu na mwisho alikuta mstari hauelewi, akaukata wote, mara mbili, tatu, mpaka wino ukalowa upande wa pili. Akamrudishia Corinne anakili upya kwa usafi, ile nakala safi itumwe kwa Bwana Ruhl na hii ya kwanza ibaki kwenye faili la kikao. Corinne alinakili. Bi Bruns akaichukua nakala, akawasomea darasa zima kwa sauti ya kutisha, akitembea huku na huku, nywii, nywii. Gunnar Homan wa dawati la nyuma alicheka mpaka ikabidi nimtoe akanywe maji. Wengine walikuwa wanatazama vidole vyao. Bi Bruns akafurahi, akadhani zimwi limewachekesha.

Picha zilirudi tarehe ishirini na tisa, ndani ya bahasha kubwa ya manjano. Hapo napo palikuwa na desturi. Bi Bruns hazichungulii kabla. Anakaa kwenye kiti kirefu, anatoa picha moja, anaigeuzia darasa bila yeye kuiona, na watoto wabahatishe ni zimwi la nani. Baadaye zinabandikwa koridoni ili wazazi wazione siku ya gwaride la mavazi.

Akatoa ya kwanza, kelele, kicheko. Ya pili vilevile. Akatoa ya tatu akaigeuza.

Mtoto wa mji wa pili, ambaye hajawahi kumtia Bi Bruns machoni, alikuwa amemchora Bi Bruns. Amemtoa hasa. Bega, sweta la kahawia juu ya la kijani, mnyororo, viatu. Tofauti ni ule mkono wa tatu, umetokea mbavuni na kalamu badala ya kucha. Bi Bruns alikuwa anatuangalia sisi. Aliona nyuso zetu kabla ya kuona picha, akamwona Gunnar kajifunika kwa daftari, akaniona mimi, na mimi uso wangu haujui kuficha kitu. Ndipo akaigeuza.

Akaitazama. Halafu akasema aliyechora ana mkono mzuri, akaiweka juu ya meza, akatoa ya nne. Akazimaliza zote ishirini na mbili kwa sauti ile ile.

Kengele ya mapumziko ikalia, watoto wakatoka mbio kama wanaokimbia moto. Corinne hakutoka. Alikuwa ameinamia dawati lake, anatoa vitu kimoja kimoja, kibweta cha penseli, rula, gundi, farasi wake wa plastiki, anavitia kwenye begi.

Bi Bruns akamuuliza anakwenda wapi.

"Kwa Bwana Pohl," Corinne alisema.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Najua tu."

Bi Bruns akavuta kiti kidogo cha mtoto, akakaa, magoti yakamfika kifuani. Nilitaka kutoka, akaniashiria nibaki. Akamuuliza kama zimwi lile ni yeye. Corinne akatazama farasi, akaitikia kwa kichwa. Nikangoja mvua ya maneno inyeshe. Lakini Bi Bruns alikuwa na maswali yake ambayo humuuliza kila mwenye zimwi picha ikirudi, linalala wapi, linaogopa nini, na nadhani hakupata maneno mengine, kwa hiyo akauliza hayo hayo. Linalala wapi? Corinne akasema hajui, labda shuleni. Linakula nini?

"Niliandika linakula nini," Corinne alisema. "Ukaukata ule mstari."

Bi Bruns akainuka, akalitoa faili, akaitafuta ile karatasi ya kwanza. Akavaa miwani. Akaisogeza dirishani, akaigeuza upande wa pili, akaisogeza tena. Chini ya wino wake mwenyewe hapakuwa na kitu cha kusomeka.

"Ulisemaje hapa, mama?" akauliza.

Corinne aliisema kwa moyo, macho sakafuni, kama mtoto anayesali. "Zimwi langu haliumi watoto. Linakula maneno yako ukiwa bado unayaandika, halafu linakuuliza mbona hujaandika kitu."

Nje watoto walikuwa wanapigiana mpira ukutani. Bi Bruns aliona aibu. Sisemi alihuzunika, nasema aibu, ilimpanda shingoni mpaka kwenye mizizi ya nywele, na hakuigeuzia mgongo. Akakaa tena kwenye kile kiti kidogo. Akamwomba airudie polepole, akaiandika kwa penseli pembeni ya karatasi, neno kwa neno, na alipofika mwisho akamuuliza Corinne kama ndivyo. Corinne akasoma, akasema ndivyo. Akamwambia arudishe vitu vyake dawatini, hakuna anayekwenda popote, akacheze. Corinne akamuuliza, "Umekasirika?" Bi Bruns akasema kidogo, lakini si na yeye.

Ile picha ilibandikwa koridoni pamoja na nyingine. Siku ya gwaride wazazi walisimama mbele yake wakaziba midomo. Nilidhani angeitoa. Alipita mbele yake mara kumi akibeba masinia ya keki za maboga.

Kikao kikawa Jumatatu iliyofuata. Mwalimu mkuu, Bwana Pohl, mama yake Corinne na aproni ya kiwandani bado shingoni, Bi Bruns, na mimi kwa kuwa ndimi niliyekuwepo siku mtoto alipoandika. Mwalimu mkuu alikuwa na fomu yake tayari, imeshajazwa nusu. Akaanza kueleza kwamba shule imejitahidi, kwamba si adhabu, ni msaada. Mama Corinne alikuwa anaitikia tu. Mtu aliyezoea kuambiwa habari mbaya na watu wenye fomu.

Bi Bruns akasema aruhusiwe kusoma kitu. Akaitoa karatasi ya kwanza na picha, akaiweka picha katikati ya meza ambapo kila mtu ataiona. Halafu akasoma. Hakusoma nakala ile safi. Alisoma ile yenye madoa, akiruka masahihisho yake yote, vile vile mtoto alivyoandika, bega juu na bega chini, macho ya mnyororo, mpaka kwenye ule mstari wa penseli.

Mwalimu mkuu akakohoa. Bwana Pohl alikuwa anaitazama picha, anamtazama Bi Bruns, anairudia picha. Mama Corinne kawa mwekundu kama nyanya.

"Samahani sana, Bi Bruns," alisema. "Nitazungumza naye nyumbani. Sijui kamwandika nani."

"Kaniandika mimi," Bi Bruns alisema. "Na kaniandika sawasawa, mtoto asiyenijua kasoma tu kanichora. Usimgombeze." Akamgeukia mwalimu mkuu. "Shida ya kuandika ilikuwapo darasani kwangu, ni kweli. Lakini haikuwa kwake. Naomba uandike hivyo hapo."

Mwalimu mkuu akasema fomu haina sehemu ya kuandika jambo kama hilo. Bi Bruns akasema aandike nyuma. Akaandika nyuma. Bwana Pohl naye akasema kwa mtoto huyu yeye hana kazi, akaifunika kalamu yake. Mama Corinne alianza kulia, akatafuta kitambaa, hana, akatumia aproni. Corinne akabaki kwetu.

Nisikudanganye kwamba Bi Bruns aligeuka malaika. Aliendelea kusahihisha, na ukali wake ukabaki pale pale. Ila watoto walipoandika, alikaa mezani kwake mpaka kengele, mikono ameikalia, kwelikweli ameikalia, na alikuwa anateseka nikimwona. Corinne aliandika kurasa tatu za hadithi ya theluji mwezi wa Disemba, mbovu kabisa, ndefu, na kila mtu ndani yake anakufa.

Lakini siku ile ya kikao, tulipotoka, tulitembea korido nzima pamoja. Mimi nilikuwa na furaha, nataka kupiga domo. Nikamwambia amefanya jambo kubwa. Akasimama. Akaniuliza kama nilijua.

Nikamwapia kwamba sikujua zimwi ni yeye, mpaka picha ilipogeuzwa.

"Siulizi zimwi," alisema. "Nauliza kile linachokula. Umekaa nyuma ya darasa langu miaka tisa. Ulikuwa unaona?"

Ningeweza kusema hapana. Niliwakumbuka watoto wote waliokuwa wanainua mikono kutoka kwenye karatasi akikaribia, kila mwaka wawili, watatu, na mimi huku nyuma nachonga penseli.

"Nilikuwa naona," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Hakuniuliza kwa nini sikusema. Alifungua mlango wa darasa, akanipisha nitangulie kuingia.